Kadi Yangu ya Michezo Iko Kiwanja, Mgongoni mwa Mama Mkwe

Mpendwa Mama Joviale,

Naomba msaada wako kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili padri ataniita mbele ya waumini wote anisifu kama mkwe wa mfano, na hakuna anayejua, isipokuwa mimi na Mungu na sasa wewe, kwamba sifa hizo zote zinatokana na kadi ya kompyuta.

Mimi ni karani wa depo ya sementi, asili yangu upande wa Bukavu, nakaa Mabanga na mke wangu Clarisse, mzaliwa wa milima ya Masisi, na mtoto wetu Bulonza, na tangu ujana nina ugonjwa mmoja tu, kucheza mpira kwenye kompyuta, sisemi pombe, sisemi wanawake, mpira tu, lakini mashine mpya ya michezo hapa Goma ni ya wakubwa, basi nikaamua kujiundia yangu kipande kwa kipande, na yeyote aliyewahi kujaribu hapa kwetu anajua mambo yanavyokwenda, vita ikija mashirika yanakuja na ofisi zinajaa kompyuta, vita ikizidi mashirika yanakimbia na kompyuta zinauzwa bei ya viazi, hata nikafikia mahali pa aibu, Mama, wenzangu wakisikia mizinga upande wa Sake wanashika rozari, mimi nashika simu kumuuliza Buhendwa, muuza mitumba ya vyuma pale Birere, kama kuna ofisi imeanza kufungasha.

Nilichagua kwa akili, usinione mjinga. Prosesa pamoja na ubao wake, ule mafundi wanaita carte mère, na kile kisanduku cha kuingiza umeme, nilivitoa katika mashine moja ya ofisi, shirika lake liliondoka hata bila kuzima taa. Kumbukumbu, vile vijiti vya RAM, nilizipata mbili, ndogo, lakini nzima. Boksi la kuvitia vyote nilitengeneza mwenyewe kwa madebe ya mafuta ya msaada, nikayapasua, nikayanyoosha, nikatoboa matundu ya hewa, na mpaka leo ubavuni limeandikwa kwamba haliuzwi. Ila kwenye kadi ya picha, carte graphique, sikutaka ubahili, nilichukua kubwa kuliko zote alizokuwa nazo Buhendwa, ina feni mbili, ndefu kama mkono wa Bulonza, kwa sababu Buhendwa aliniambia, "Patron, bila kadi hakuna picha. Utacheza na kioo cheusi?"

Sasa wewe unajua jinsi familia iliyokwisha kukimbia mara nyingi inavyofungasha, hakuna mtu mmoja anayebeba kila kitu, mmoja anashika makaratasi, mwingine unga, mwingine nguo za mtoto, ili akiporwa mmoja wengine wabaki na cha kuanzia, basi vita ilipoingia mjini kabla sijaunganisha mashine nami nikaigawa vivyo hivyo, prosesa katika sahani ya sabuni ya Clarisse, kumbukumbu katika pindo la koti la Bulonza, kisanduku cha umeme na ubao nikavitia mimi katikati ya maharage, na kadi, Mama Joviale, kadi nikampa mama mkwe wangu, mama Nyiramahirwe, aliyekuwa akikaa kwetu tangu walipofukuzwa Masisi na kuacha ng'ombe wote huko, maana nilijiuliza, ni mwanajeshi gani atampekua bibi? Nikamkabidhi kwa mikono miwili, kama heshima ya ukwe inavyotaka, nikamwambia, "Mama, chunga hii, ni maisha yangu." Akaifunga kwa kitenge mgongoni, pale anapobebwa mtoto.

Njiani watu walikuwa wengi mno, tukatengana, sisi tukasukumwa upande wa Gisenyi, yeye akachukuliwa na wale waliokuwa wakipanda Munigi, mpaka akafika mji wa Kiwanja kwa mdogo wake. Tuliporudi nyumbani tulikuta waporaji wamebeba godoro, sufuria na hata pazia, lakini boksi langu la madebe waliliona wakaliacha, jambo ambalo kusema kweli liliniuma. Vipande vyote vimerudi, Mama. Kimebaki kimoja.

Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu kwetu mtu hamwombi mama mkwe kitu mdomo kwa mdomo, wala hatumi mtu afungue mzigo wake, alichokabidhiwa kinarudi atakapopenda yeye, basi nikawa namuuliza shemeji yangu Théoneste, anayepeleka abiria Kiwanja kwa pikipiki, kila akirudi: mama analala pakavu? hapana vumbi? watoto hawamchezei mgongoni? Kumbe Clarisse ananisikia. Siku moja akaanza kulia mbele ya majirani, akasema, "Papa Bulonza, banaume bengine banashukuru vita juu inabaondolea bakwe, weye unauliza hata kama mama yangu analala pakavu!" Akawaambia kina mama wa kikundi chake cha kanisani, kina mama wakamwambia padri, na padri, ambaye anasema vijana wa siku hizi hawana adabu ya ukwe, akaona amepata mfano.

Mwezi uliopita Théoneste aliniletea habari, nazinakili kama alivyosema: "Shemeji, usiogope. Mvua ilimukamata mama njiani, pale Rugari, akatosha blanketi yake, akafunika ile kitu yako, yeye akatembea hivyo hivyo. Ako anakohoa kidogo. Lakini anasema, mwambie mukwe wangu, maisha yake haikuguswa na mvua." Nilifurahi sana, Mama Joviale, maana kadi ikiingia maji ndiyo basi tena, na kuhusu kikohozi nilimpa Théoneste dawa ya maji ampelekee.

Sasa mama ametuma neno jingine. Kwa mdogo wake nyumba imejaa, analala jikoni karibu na mafiga, na anataka kurudi kwetu, lakini anasema hatapanda gari la mtu yeyote mpaka mkwe wake aje kumchukua mwenyewe, kwa sababu katika vita hii yote ni mkwe tu aliyemuulizia kila siku. Nyumba yetu ina chumba kidogo kimoja, alichokuwa akilala yeye, na nilipoona hayupo nimekwisha kuweka humo meza ya kompyuta, nimepigilia misumari ukutani na waya wa umeme nimevuta. Nikimleta, nitapata kadi na kukosa chumba. Nisipomleta, nina chumba na sina kadi.

Mke wangu anangoja nitaje siku ya safari. Nimefikiria kumwambia barabara haijatulia, nimwache mama Kiwanja kwanza mpaka mambo yakae sawa, na mimi ninunue kadi nyingine, ndogo, ya bei ya chini, niendelee na maisha. Je, kadi ndogo itatosha kwa mpira? Na je, nifanyeje na padri?

Ni mimi,
Mkwe wa Mfano, Mabanga


Mama Joviale anajibu

Papa Bulonza, nimeisoma barua yako nikacheka, nikaisoma tena nikaacha kucheka.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Kupenda mchezo si dhambi. Mtu aliyezaliwa hapa, akakua akikimbia na kurudi, akikimbia na kurudi, akatamani kukaa mahali ambapo ugomvi unaanza kwa filimbi na kuisha kwa filimbi na wote wanakwenda kuoga, huyo namwelewa kabisa. Na boksi la madebe ya msaada nalipongeza. Msaada huo angalau tumeuona ukifika nyumbani kwa mtu.

Sasa tuje kwenye kompyuta, maana umeuliza kompyuta na nisipojibu utasema mwanamke huyu hajui kitu. Umesema prosesa na ubao vilitoka kwenye mashine ya ofisi. Hebu niambie, yule karani wa shirika alikuwa akifanya kazi akitazama nini miaka yote hiyo, ukuta? Mashine ile ilikuwa na picha. Prosesa nyingi za ofisi zina picha yake humo humo ndani, unachomeka kioo nyuma ya ubao na unaona. Hii ninayoandikia jibu lako ni mtumba wa ofisi kama yako, haina kadi ya feni mbili wala ya feni moja, na mwanangu anacheza mpira humo mpaka namfukuza. Majani ya uwanja hayang'ai, nyuso za wachezaji zinafanana kama mapacha, lakini goli ni goli.

Buhendwa alikuuzia kadi kubwa kwa sababu alikuwa nayo. Tena jambo jingine ambalo hakukuambia: hicho kisanduku cha umeme cha ofisi ni kidogo, kililisha mashine ya kuandikia ripoti. Ukikitwisha kadi hiyo, siku ya kwanza tu mashine itazimika kabla ya mpira kuanza. Mtu mwenye mfuko mdogo anaanza na umeme wake, tena umeme wa Mabanga unaoujua ulivyo, anatafuta betri nzuri na kisanduku kizuri, anaongeza kumbukumbu, anacheza na alichonacho, na kadi inakuja mwisho kabisa ikibidi. Wewe ulianza na kofia kabla ya suruali.

Kwa hiyo kadi ndogo usinunue. Na ile kubwa huihitaji. Unanisikia? Huna tena sababu yoyote ya kwenda Kiwanja, isipokuwa kwamba kuna mama mzee analala jikoni.

Ndiyo hapo ninapotaka tuelewane. Rudi kwenye barua yako, pale Rugari. Wewe mwenyewe umeandika kwa mkono wako kwamba mvua ilinyesha, kwamba alikuwa na blanketi moja, na kwamba alilitoa akafunika chuma chako, akatembea akilowa. Kisha ukaandika, "Nilifurahi sana." Kalamu haikukwama? Huyu ni mtu aliyeacha ng'ombe wake Masisi, aliyekwisha kupoteza kila kitu kinachohesabika, na kitu pekee alichokataa kukiacha barabarani ni kitu asichokijua hata jina. Hajui feni wala picha. Alijua neno moja tu, ulilomwambia wewe kwa mikono miwili. Wewe ulikuwa unasema tu, kama tunavyosema. Yeye alilibeba.

Halafu unamtumia dawa ya kikohozi kwa pikipiki, na chumba chake unakipigilia misumari! Na unataka nikutungie uongo wa barabara. Barabara imetulia vya kutosha kumpitisha Théoneste kila juma na abiria nyuma, lakini haijatulia vya kukupitisha wewe? Aibu, Papa Bulonza. Aibu kubwa. Nimekasirika, na sitaki kuficha.

Haya, fanya hivi. Leo hii toa meza katika chumba kile. Boksi lako litakaa sebuleni, na siku utakapowasha mpira, sauti iwe chini, na mama akipenda kutazama mpishe akae katikati. Tafuta godoro, na kama Buhendwa ana aibu hata kidogo akusaidie kulitafuta. Ijumaa panda mwenyewe kwenda Kiwanja, na kurudi usimpandishe pikipiki na kifua hicho, lipia nafasi mbele, katika gari, karibu na dereva. Mpitishe kwanza kwa daktari kabla hamjafika nyumbani.

Padri mwache. Jumapili atakuita mbele, utasimama, atakusifu kwa maneno marefu, na mama atakuwa ameketi benchi la kwanza anakutazama. Usiseme kitu. Sikiliza sifa zote mpaka mwisho, neno kwa neno. Sijui adhabu kali kuliko hiyo, na utaistahili. Clarisse naye mwambie ukweli, ndiyo, lakini baada ya mama kulala katika chumba chake, si kabla. Akikasirika, akasirike mama yake akiwa ndani.

Na ukifika Kiwanja, nakuonya mapema, atakukabidhi kile kifurushi kabla hata hujamaliza salamu, kwa sababu amengoja kukirudisha muda wote huu. Usikifungue. Usikitikise usikie kama kimevunjika. Kipokee kwa mikono miwili, kiweke chini, na umfunike mama blanketi utakalokuwa umelibeba kutoka nyumbani.

Kama huna la kubeba, pita hapa kwangu Alhamisi. Nitakupa moja.

Mama Joviale