Mwenye Undugu na Fundi Atoke

Mwenzangu, uko? Nimekaa ngazini, nje ya chumba cha mkutano.

Unaikumbuka ile sheria yangu ya kamati ya wenye nyumba, niliyoipigia kelele mpaka ikapita? Mwenye undugu na anayeomba kazi atoke nje, wasiohusika waamue. Leo tulikuwa tunamsaili fundi wa pampu, si unajua maji hayapandi juu.

Mwenyekiti akainuka. "Fundi ni shemeji yangu." Katoka. Mhazini: "Kwangu mimi ni mpwa." Katoka. Mzee wa ghorofa ya chini naye: "Mjukuu wa dada yangu." Katoka!

Nikabaki mimi. Peke yangu! Nikawasindikiza kwa maneno: "Hamna haya? Kamati nzima ukoo mmoja?"

Nikamwita fundi. Kaingia, kainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Ni yule wa kwenye picha za binti yangu. Yule yule anayeleta posa Jumamosi. Na binti aliniambia ni injinia!

Hata marahaba sikuitikia. Nikabeba mkoba, nikatoka.

Mwenyekiti akaniuliza taratibu, "Na wewe, mama?"

"Mkwe."

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka.

Mpaka sasa kamati yote tuko nje. Ndani yuko fundi peke yake, anasubiri maswali.