Vizibo Viwili Ubavuni mwa Injini

Jumamosi, 4 Januari 2014

Baridi ya tatu hii na Chevelle, gari la zamani la Kaka Wendell. Baridi ya kwanza tulikata kutu. Chumvi ya kuyeyusha theluji barabarani ilikuwa imeila sakafu mpaka ukikaa kitini unaona saruji ya gereji chini ya miguu yako. Ya pili Kaka aliisuka injini upya, peke yake, amekaa kwenye kiti cha jikoni na kikohozi chake. Mwaka huu mapafu yamegoma kabisa. Yuko kwake na chupa ya oksijeni, maili arobaini kutoka hapa, na haruhusiwi hata kuchungulia baraza. Kwa hiyo tunaunda gari kwa simu. Yeye mdomo, mimi mikono!

Leo nimejaza maji matupu kwenye injini. Amri yake. Kulanti, ile dawa ya kuzuia maji yasigande, ikivuja inaharibu rangi. Basi kwanza maji, tuone pa kuvuja. Hakuna! Hata tone! Nilimpigia, akacheka mpaka pumzi ikamwishia, na Marlys mkewe akampokonya simu — wifi, unataka kuniulia mume kwa furaha? Kaka akairudia simu. Sasa yamwage yote, mdogo wangu. Usifungue rejeta tu. Kuna vizibo viwili ubavuni mwa bloku ya injini, kushoto na kulia, maji hubaki humo, yakiganda yanavimba. Nikamwambia najua, mimi si mtoto. Akasema: "Na usiiwashe bila mimi! Machi baridi ikilegea nakuja kuisikia kwa masikio yangu."

Rejeta nimefungua. Kizibo cha kushoto kimegoma. Spana inayokifaa nimeisahau kwenye greda ya kusukuma theluji, kazini. Na hapo hapo simu ya kazini — dhoruba inakuja, madereva wote wa theluji wafike. Naandika huku navaa buti. Hita ya gesi naiacha ikiwaka, gereji ina joto zuri. Vizibo nitavifungua nikirudi.

Jumanne, 7 Januari

Siku tatu nasukuma theluji. Nalala kituoni kwenye benchi, saa mbili tatu, kisha barabarani tena. Ishirini na sita chini ya sifuri. Kope zinashikana. Unasafisha njia, ukigeuka nyuma imejaa upya.

Spana iko chini ya kiti changu muda wote huu. Leo ndiyo nimeiona. Nikajiambia hita inawaka.

Jumatano, 8 Januari

Hita imezimika. Gesi ilikwisha, sijui lini.

Vizibo vidogo vya pembeni, si vile viwili vya kumwagia, vimetoka vyenyewe na barafu imechungulia nje kama ulimi. Nikasema afadhali, huenda imepumulia hapo. Nikapitisha tochi. Bloku, mwili wenyewe wa injini, imepasuka. Ufa mrefu kama kiganja changu, chini kidogo ya kichwa cha injini. Chuma! Maji ya kunywa yamepasua chuma!

Nimekaa sakafuni mpaka makalio yakafa ganzi. Mjinga mimi. Dakika kumi tu, ningeazima spana kwa Gordy hapo jirani. Miaka thelathini naendesha greda, naona kila mwaka mabomba ya watu yakipasuka, nawacheka!

Ijumaa, 10 Januari

Kaka amepiga. Swali la kwanza: uliyamwaga? Nikajibu niliyamwaga. Si uongo, rejeta niliimwaga. Ni uongo.

Jumapili, 19 Januari

Gordy Tervo amekuja kuazima koleo, kanikuta nimeikodolea macho injini. Sikuweza kuficha. Kapiga mluzi. Kisha: "Pole, mama greda. Hii umeiua." Nikamwambia asante kwa habari.

Ana bloku ya namna ile ile kwenye banda lake, mwaka ule ule, kipimo kile kile. Anasema tuhamishe humo pistoni zote za Kaka, shafti, kila kitu. Nikauliza, na namba je? Maana namba ya gari imegongwa kwenye bloku pia, na huku kwetu mwanamume hakusalimu kwenye maonyesho ya magari kabla hajapitisha kidole kwenye namba ile. Ikilingana, injini ni ya asili, ndipo anauliza habari za watoto. Kaka ndiye kiongozi wao. Gordy akasema yuko mtu anayejua kukwangua na kugonga upya, hata Mungu atahitaji miwani.

Nimemfukuza na hilo koleo.

Jumamosi, 1 Februari

Nimelia ndani ya sauna, chumba chetu cha mvuke. Humo angalau machozi hayatofautiani na jasho.

Asubuhi nilimpigia Kaka nimwambie. Nilikuwa nimejikaza kabisa, maneno nimeyapanga. Akaniwahi yeye. Sauti yake nyembamba, anavuta pumzi kila baada ya maneno mawili. Anasema usiku hawezi kulala chali tena, kwa hiyo anakaa kitini anaihesabu ile injini kichwani, boliti moja moja, na usingizi unakuja. Akasema: "Irja, ile ndiyo kazi ya mwisho ya mikono hii. Kikombe siwezi kukishika sasa bila kumwaga. Lakini ile niliimaliza."

 

Nikamuuliza amekula nini. Jioni nikaenda kwa Gordy kuomba bloku.

Jumamosi, 22 Februari

Imekwisha. Pistoni ni za Kaka, shafti ni yake, vali ni zake. Nimekaza kila boliti kwa kipimo alichokiandika mwenyewe kwenye daftari lake. Ni mkono wake bado. Najiambia hivyo mara ishirini kwa siku.

Namba nayo imegongwa. Mtu wa Gordy aliifanya kwa dakika chache, akaipaka tindikali kidogo ionekane ya kale. Sikutazama. Baadaye nikapitisha kidole — huwezi kujua, na hilo ndilo lililonichefua. Gordy ananiambia jikunjue uso, dada, umemfanyia mgonjwa hisani. Labda. Mbona basi tangu namba igongwe simu ikilia natoka nje?

Bloku iliyopasuka bado iko gerejini, kando ya ukuta wa nyuma, nimeifunika turubai. Ni nzito, mimi na Gordy hatuiwezi kwa mikono, na winchi ameirudisha kwake. Mlango wa nyuma umezibwa na theluji kufika kitasa. Ikiyeyuka nitaitoa.

Jumatano, 12 Machi

Marlys kapiga. Wiki hii Kaka anakula vizuri, ametia hata siagi kwenye mkate. Nikasema vizuri. Baada ya simu nimesimama mbele ya gari, nimesema kwa sauti: Kaka, nilipasua bloku yako. Ni maneno manne tu! Gerejini yanatoka bila shida.

Jumapili, 16 Machi

Wamekuja! Bila taarifa! Jua limetoka, Kaka kaamka anadai gari, Marlys kashindwa kumzuia. Naandika nimesimama jikoni, kahawa iko motoni.

Kwa kuwa oksijeni na moto havipatani, Marlys alizima hita kwanza, na chupa wakaiacha garini kwao. Kaka amekonda, koti linamning'inia. Hakunisalimu. Aliinama kwenye injini, kidole kwenye namba, akakipitisha polepole mpaka mwisho.  Akasema: "Ndiye huyu, mzee mwenzangu." Halafu: "Washa."

Nikawasha. Ee Mungu, ule mlio! Makopo ya rangi yalicheza rafuni. Kaka alifumba macho, machozi yakamshuka na hakuyafuta. Akamwambia mkewe: "Unasikia, Marlys? Mikono yangu hiyo. Mimi nikienda, hiyo inabaki." Nikazima. Nilifungua mdomo niseme. Wallahi niliufungua. Ukatoka na: mtakunywa kahawa?

Nawaona kupitia dirisha. Mlango mkubwa tumeuacha wazi moshi utoke. Kaka alikuwa amechoka, akitafuta pa kukaa. Marlys alimwonyesha ndoo, akaikataa, akajikokota hadi ukuta wa nyuma. Amekaa juu ya turubai, juu ya bloku yake.

Nilitaka kupiga kelele. Ningesema nini — usikae hapo?

Anacheka. Anaonyesha gari, anamsimulia Marlys jambo, anakipigapiga kwa kiganja kile alichokikalia.

Sasa ameacha kucheka. Mkono umeshuka pembeni, unapapasa juu ya turubai. Mtu aliyesuka injini miaka arobaini hahitaji macho. Kahawa inamwagika motoni na Marlys ananiita, wifi, umeenda kuilima hiyo kahawa? Kaka hageuki. Ameinama, anatafuta pindo la turubai, na vidole havimtii, na anaendelea kutafuta