Herufi Uliyoiomba

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipotutoka. Baba bado anachemsha chai ya watu wawili, kisha anavinywa vikombe vyote viwili mwenyewe ili isimwagwe. Sisi wanao tumekaa tukakubaliana kuandika machache juu yako, watu nao wasikie. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, kalamu nimekabidhiwa mimi.

Ulifanya kazi kwenye duka la dobi miaka thelathini na mmoja, meza ya pili kutoka mlangoni, pasi mkono wa kulia, chupa ya maji mkono wa kushoto. Ulikunja kila kilichokunjika: mashati, magazeti, mifuko ya plastiki. Mteja akiingia na nguo uliangalia kola kwanza, ndipo ukamsalimu, kana kwamba kola ilishakupa habari zake zote. Yupo bwana mmoja aliyekuja mbio na shati lake la pekee, limechafuka, naye anatakiwa kwenye usaili wa kazi baada ya saa moja. Ulimweka nyuma ya pazia na fulana yake, ukafua kola na mkono mmoja wa shati, ukavikausha kwa pasi. "Kaa hapo hapo, usitoke," ulimwambia. "Leo wewe ndiye mzigo wa haraka." Kazi aliipata. Kwenye mazishi yako alikuja amevaa tai, akasimama mstari wa mbele kama ndugu.

Lakini ninalotaka kulisimulia hasa ni la nyumbani.

Ulipoolewa na Baba ulitukuta watatu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mdogo wangu anayenifuata alikuwa na tisa, na tayari watu walimwita Fundi Redio, kwa sababu hakuna redio aliyoishika ikabaki nzima. Dada yetu tunayemwita Mrefu alikuwa na sita, mfupi kuliko watoto wote wa darasa lake. Mama aliyetuzaa alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Yeye ndiye aliyetupa sote majina yanayoanza na R. Alisema anataka aweze kuanza kuita kabla hajaamua anamtaka nani. Na kweli, alikuwa akisimama mlangoni akianza tu "Rrrr," sote watatu tunatimua mbio.

Baba hakuulizwa. Angeulizwa angekataa, maana ulimi wake na R hawajawahi kupatana. Mpaka leo anatuita kwa L. Mrefu, ambaye Baba ndiye aliyekwenda kumwandikisha, ana cheti cha kuzaliwa chenye L, kwa kuwa karani aliandika alichosikia.

Sikukupokea vizuri, Mama. Sikukuita Mama Mdogo, sikukuita Shangazi, sikukuita chochote. Nikikuhitaji nilikohoa. Na wewe uligeuka kila nilipokohoa, hata zile siku nilipokuwa na mafua ya kweli, ukauliza, "Naam, unasemaje?"

Asubuhi kulikuwa na vita vya masweta. Yote yalikuwa ya kijani, yote ya shule moja, yote makubwa ili tukue nayo, na mama yetu alikuwa ameyaandika R ndani kwa kalamu ya wino, herufi moja kwa watoto watatu. Kila mmoja alidai lile lisilotoboka kiwiko. Hukumgombeza mtu. Ulikuja na uzi mwekundu wa kazini, ukashona juu ya zile R zilizokuwa zimeanza kufutika, bila kubadilisha mwandiko wake hata kidogo, kisha chini ya kila moja ukaongeza vistari vya kidobi: langu kistari kimoja, la Fundi Redio viwili, la Mrefu vitatu. Vita vikaisha. Mimi sikusema asante. Nililivaa sweta nikaondoka.

Kisha ukapata ujauzito. Jioni moja tulikuwa tunaosha vyombo, wewe unasugua, mimi nasuuza, ukasema:

"Nataka nikuulize kitu. Ukisema hapana, ni hapana."

Nikaendelea kusuuza.

"Huyu anayekuja, naweza kumpa jina la R?"

"Hiyo ni ya mama yetu," nikajibu. Nakumbuka nilivyosema, nimeuma meno.

Nilitegemea utakasirika, au utakwenda kunisemea kwa Baba. Ulisuuza mikono, ukaifuta kwenye kanga, ukasema, "Haya. Nashukuru umeniambia ukweli." Ukaendelea na sufuria.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Wiki ya kwanza ikapita hana jina. Ya pili ikapita. Majirani wakiuliza anaitwa nani, ulisema, "Kwa sasa anaitwa Mgeni." Baba akachoka. "Mpe jina lolote, mke wangu. Tena bola lisiwe na hiyo helufi. Imenitesa miaka kumi na miwili." Ulicheka mpaka ukashika ubavu, lakini jina hukutoa.

Wiki ya tatu dada yako alikuja kukuangalia. Mimi nilikuwa kwenye korido na ndoo ya nepi, mlango uko wazi nusu. Yeye hakuwa mtu wa kupunguza sauti.

"Unazaa mtoto wako mwenyewe, halafu unaomba ruhusa kwa kitoto cha miaka kumi na miwili? Mpe jina unalolipenda!"

"Nikimpa herufi nyingine," ulisema, "majina yao yakiitwa, mtu atajua huyu ni wa nani na wale ni wa nani. Nangoja kidogo."

"Na huyo binti akikataa mpaka mwisho?"

"Basi nitampa nyingine, wala sitamlaumu. Yule alifiwa na mama, dada yangu. Hiyo herufi ndiyo aliyobakiziwa. Siwezi kuichukua mkononi mwake bila yeye kunipa."

Niliiacha ndoo palepale. Nilikwenda chumbani kwenu, ambako Mgeni alikuwa amelala. Nguo zake zilikuwa kwenye kikapu, zimekunjwa kwa mkunjo wako, kingo kwa kingo. Sijui nilitaka kutafuta nini. Nikachukua fulana moja, nikageuza kola. Ulikuwa umeshashona vistari vinne vyekundu. Juu yake hapakuwa na kitu. Nikageuza ya pili, ya tatu, zote. Vistari vinne, na juu yake nafasi tupu ya kutosha herufi moja. Kwamba yeye ni wa nne wetu, hilo hukuwa na haja ya kumwomba mtu. Herufi ndiyo hukuigusa.

Mama, nililia pale, na sijawahi kukuambia.

Kisha nikachukua sindano yako. Sikujua kushona, nilijichoma vidole, na mguu wa ile R ukaelekea pembeni kama mtu anayepiga mpira. Niliileta ile fulana sebuleni, dada yako akiwa bado ameketi, nikakuwekea mapajani.

"Imepinda," nilisema.

Ulipitisha kidole juu ya ile herufi. "Inasomeka," ulisema. Dada yako akainuka, akaenda kuiondoa ndoo niliyoiacha koridoni.

Jina lenyewe hukulitoa peke yako. Ulituita sote tukakaa kitandani, kila mtu apendekeze. Fundi Redio alipendekeza Redio, akatetea kwamba inaanza na R na ni kitu cha maana. Baba akapitisha kichwa mlangoni. "Tafuteni ambalo nitaweza kulitamka." Mrefu akamwambia halipo. Lililoshinda lilikuwa la Mrefu, na siku ya kuandikisha ulikwenda mwenyewe, ukanichukua na mimi, ukamtajia karani herufi moja moja huku umeshika ukingo wa meza yake, mpaka akainua kichwa akasema, "Mama, nimeelewa." Hata hivyo mdogo wetu nyumbani hakuacha kuitwa Mgeni. Ana miaka ishirini na sita na ndevu, na bado ni Mgeni.

Tusidanganye watu kwamba siku ile nilianza kukuita Mama. Nilichukua miaka mingine miwili. Nilikuja dukani baada ya shule nikakuta mvuke umekuunguza mkono, nikapiga ukelele, "Mama!" mpaka wateja wakageuka. Wewe, mkono umekuwa mwekundu, ukaniangalia huku unatabasamu. "Umesemaje?" ukauliza. Nikakuambia uweke mkono kwenye maji kwanza. Ukasema hutauweka mpaka nirudie. Nikarudia.

Ulitusomesha wote wanne na hukuwahi kutupangia mafungu. Fundi Redio alipofeli mtihani ulikwenda naye shuleni ukiwa na sare ya kazi, ukamwomba mwalimu mkuu amrudishe darasani, na uliporudi hukulitaja tena jambo hilo. Mrefu alipoolewa, gauni lake ulilipiga pasi mwenyewe, saa tatu nzima, ukakataa kusaidiwa. Kila mwaka tulikwenda nawe kwenye kaburi la mama yetu. Ulisimama nyuma kidogo, ukatuachia sisi mbele.

Ulipougua hukupenda tufanye haraka wala tuongee kwa kunong'ona. Siku ya upasuaji tulikuwa sote wanne pembeni ya kitanda chako. Muuguzi aliingia na fomu, amesoma kwenye faili kwamba umezaa mara moja tu.

"Namhitaji mtoto wake wa kumzaa, asaini hapa."

Mimi nilirudi nyuma hatua moja, kwa sababu karatasi ni karatasi. Mgeni alimtazama yule muuguzi, akanishika bega akanisukuma mbele.

"Ni huyu," alisema. "Sisi wengine ni wadogo zake."

Ulikuwa umefumba macho, tukadhani umelala. Ukaunyoosha mkono juu ya shuka, ukaugongagonga kidogo karibu nami, kama ulivyokuwa ukigonga meza kumwita mteja ambaye nguo zake ziko tayari. Nikasogea, nikasaini.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado anaisubiri sauti yako koridoni. Na wanao wanne, mimi mkubwa, Fundi Redio, Mrefu na Mgeni. Na wakwe zako na wajukuu watano. Na dada yako, ambaye anasema tuandike kwamba alikuwa amekosea. Na wenzako wa duka la dobi pamoja na wateja wa meza ya pili.

Tutakukumbuka daima, Mama, sote kwa pamoja, wanao.