Benchi la Mlangoni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini sijawahi kuanza mazungumzo nawe bila hiyo, na sitaanza utovu wa adabu leo.

Ulikuwa ukisema kwamba hata malaika akinitokea nitamwomba kitambulisho. Ni kweli. Hapa Nangurukuru ninapouza chakula stendi, sinunui samaki bila kumfunua mashavu, hata muuzaji aape kwa mama yake mzazi. Na wewe, baba, nilikushuku kuliko samaki wote.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mimba ya miezi minne. Wewe ulikuwa mzee wa kanisa, msomaji wa matangazo. Jumapili ile ulisoma habari za mnada wa mavuno, ukasoma zamu ya kufagia, kisha ukasoma jina langu: nimetengwa, sitashiriki Meza ya Bwana mpaka nitubu mbele ya usharika. Sauti yako haikutikisika. Aliyenipa mimba alikuwa mwanakwaya, anaimba besi. Yeye alikana, na tumbo la kumsuta hakuwa nalo, basi jina lake halikusomwa.

Waliotengwa walikaa benchi la mlangoni, lile lenye mguu uliotegewa jiwe. Jumapili iliyofuata nilikuwa nimejiinamia pale, ukaja na koti lako la kahawia.

“Sogea,” ukasema.

Nikasogea. “Umekuja kunichunga?”

“Imba. Wimbo unatuacha.”

Ulikaa pale Jumapili baada ya Jumapili, mpaka nilipojifungua na kurudi kundini. Mkate ulipoanza kugawiwa hukuinuka. Nilidhani najua sababu: wazee mmeshapewa mapema, ofisini mwa mchungaji, na sasa una nafasi ya kunilinda nisipenye kwenye foleni. Nilikuchukia, baba. Hata ulipougua, nikakuogesha na kukulisha uji, bado nililiona lile koti kando yangu kama ukuta.

Sasa sikia. Veronika, yule aliyekuwa tumboni, naye ana mimba. Mwenzake amekwenda Mtwara na simu hapokei. Na msomaji wa matangazo siku hizi ni mimi. Cheo chako kimenifuata. Kwenye baraza la wazee niliomba mwanangu aachwe ashiriki, kwani Bwana mwenyewe alikula na watu gani? Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani yake.

“Mama Vero, sheria haiangalii mtoto wa nani.”

Wote wakainamisha vichwa kwa unyenyekevu. Unyenyekevu ule ulininukia vibaya. Wengine walikuwa wanafurahi, niliwaona. Nilitaka kukataa kusoma. Kisha nikamwona mama mmoja upande wa pili ameshanyoosha mkono kuichukua karatasi ya matangazo, tena haraka. Nikaikamata. Kama jina la mwanangu ni lazima lisomwe, na lisomwe na mtu anayelipenda.

Nilipofika nje nikasimama ghafla. Baba, na wewe kuna mtu alinyoosha mkono? Na kama nilikosea kuhusu karatasi, huenda nilikosea na kuhusu benchi.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Tabu, anayeosha vikombe vya Meza tangu enzi zako. Hata kumwamkia nilimwamkia nusunusu.

“Mama, zamani wazee walikuwa wanapewa Meza mapema, ofisini?”

“Mapema wapi? Walikula pamoja na watu, kama leo.”

“Na baba yangu?”

Akaacha kupepeta mchele. “Kwani hukujua? Baba'ko mwaka ule hakula kabisa. Mchungaji alimpelekea mpaka nyumbani, nami ndiye niliyebeba kikapu. Ulikuwa shamba siku hiyo. Akakataa. Akasema, ‘Mwanangu yuko nje, mimi nitakulaje ndani?’”

Mama Tabu naye nilimshuku, unanijua. Watu wanapenda kumpaka marehemu sukari. Lakini habari hii nimeigeuza kila upande, nimefunua na mashavu yake, na sijapata harufu. Njia nzima nilirudi nalia, watu wa bodaboda wakadhani nimefiwa.

Na bado nina hasira nawe. Sheria uliisoma mbele ya watu wote bila kukwama hata neno, lakini neema ukaificha mfukoni mwa koti. Ulishinda njaa ya Meza kwa ajili yangu miezi yote ile, na mimi ukaniambia niimbe! Neno moja tu lingenitosha, baba. Ningekuzika nikiwa nakupenda vizuri.

Kesho ni Jumapili ya Meza. Nitasoma mnada, nitasoma zamu, nitasoma jina la Veronika. Kisha nitaikunja karatasi na kushuka mpaka benchi la mlangoni. Jiwe lile bado lipo chini ya mguu wake. Vero amechukua macho yangu, kwa hiyo ataniangalia kama mwizi wa kuku, na ataniuliza kama nimekuja kumchunga. Mimi sitamwambia aimbe. Nitamwambia, “Mwanangu, mimi sili mpaka ule.”

Pumzika, baba. Nimechelewa kukuamini, lakini nimefika.

Ni mimi binti yako, uliyemwambia asogee.