Msumeno wa Bibi Harusi

Nyakarambi, 3 Mei 2006

…na jambo lingine, Mama, ambalo karatasi ya juzi haikutosha kuliandika. Lakini hujambo kwanza? Goti limepoa? Mimi mzima, nimenenepa, na mume wangu Habarurema ana sauti tamu hata akisoma majina ya wanafunzi!

Siku ya kunitoa ndani haijapangwa. Mama mkwe ndiye atakayeitaja. Mpaka hapo mimi bado mgeni, sivuki ua, sigusi jembe. Nalishwa kama malkia, ila mikono inaniwasha.

Mume wangu anafundisha darasa la nne maumbo: pembetatu, pembenne, pembesita. Anakata katoni ili kila mtoto ashike umbo lake. Watoto sitini na wawili! Siku ya pili katoni zimelowa jasho, pembesita imekunjika kama chapati. Anarudi amenyong'onyea, nami namhurumia mpaka machozi.

Basi Jumapili, Mama mkwe akiwa kanisani, niliona stoo mbao tisa za imigongo, zile picha za matuta ya samadi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Zimegeuzwa nyuso ukutani, zimejaa vumbi. Nikajua zimetupwa. Nikatoa ule msumeno wa marehemu Baba sandukuni, nikazikata nane kuwa pembetatu, nikifuata matuta, taratibu kama alivyonifundisha.

Habarurema alipoona alishika kichwa. "Nimeoa bibi harusi au fundi?"

"Wote wawili, na mshahara nautaka leo."

Aliulipa, Mama, sitaandika vipi. Jumanne watoto waliunganisha pembetatu sita zikatoa pembesita, wakapiga kelele hadi mwalimu mkuu akaja mbio.

Binti yako mwenye raha,
Mukandori

Nyakarambi, 5 Mei 2006

Mama,

Hali yako nitaiuliza siku nyingine, nisamehe.

Hazikuwa zimetupwa. Ni kazi ya mama yake Mama mkwe, ya mwisho kabla hajafa. Mama mkwe mwenyewe alizigeuza siku ya mazishi. Habarurema alikuwa na miaka miwili, hakuwahi kuona picha zenyewe.

Jana Mama mkwe aliingia stoo akakuta ubao mmoja. Alikaa chini juu ya unga wa mbao, mikono mapajani, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Habarurema akamuuliza kuhusu siku ya kunitoa. Akajibu, "Mwambie aendelee kukaa ndani."

Mama, asipoitaja siku hiyo, mimi ni nani katika nyumba hii?

Binti yako

Rwamagana, 9 Mei 2006

Mwanangu Mukandori,

Natumaini unakula. Mimi barua yako nimeisoma nimesimama, nikaimalizia nimekaa. Bibi harusi na msumeno! Hata nje hujatolewa!

Sikiliza. Usijitetee. Usilie mbele ya mama mkwe wako ili akubembeleze. Mumeo akusanye vipande vyote, hata kile kidogo kabisa, umkabidhi mkononi wewe mwenyewe. Kisha nyamaza.

Majirani wananiuliza tunakuja lini na vikapu vya zawadi vya siku ya kukutoa. Nimewaambia nina mafua.

Mama yako

Nyakarambi, 17 Mei 2006

Mama mpenzi,

Mafua hayajambo? Keti kwanza, kisha soma.

Nilimkabidhi Mama mkwe vipande. Akavihesabu, akavipanga, kimoja kikakosekana. Alikuwa nacho mtoto mmoja, Igiraneza, hataki kukitoa. Mama mkwe akabeba kapu lote, akaenda shule mwenyewe. Haya mengine kanisimulia Habarurema, naye bado haamini.

Igiraneza alimwambia, "Bibi, ukikichukua, pembesita yetu itabaki na tundu."

"Tundu gani, we mtoto?"

Wakamwaga kapu sakafuni wamwonyeshe. Mama mkwe akapiga magoti, akaanza kupanga nao. Mara akasimamisha mkono. Akasema, si kwa watoto, "Mama hakuniruhusu kuzigusa. Alisema nitaharibu. Miaka ishirini na mitatu sijui hata alianzia wapi."

Darasa zima likajibu, "Katikati, Bibi! Alianzia katikati!"

Akalia. Watoto wakashtuka, wakadhani wamekosea jibu.

Jioni aliniwekea ubao wa tisa miguuni. Nilifikiri atanipiga nao!

"Kata. Watoto wa nyuma hawakupata."

"Siwezi, Mama."

"Zile nane ulizikata bila ruhusa. Leo nakupa ruhusa unakataa?" Kisha akapitisha kidole ukingoni mwa pembetatu moja. "Nani alikufundisha kufuata tuta bila kulibomoa?"

"Marehemu Baba."

"Na mama yako yupo. Mwambie aje nimwone aliyemzaa mtu huyu. Jumamosi, tarehe ishirini na saba. Mimi ndiye nitakayekutoa mlangoni."

Nilimkumbatia kabla sijafikiri, Mama, naye hakunisukuma!

Binti yako anayekusubiri,
Mukandori

Rwamagana, 21 Mei 2006

Mwanangu,

Nimepokea, na nimekaa chini tena. Mtaniua kwa mishtuko.

Huo ubao wa tisa usiuguse bado. Msumeno wako meno yake makubwa mno. Ni bahati tu hukuchana kingo. Baba yako alikuwa na mwingine wa meno madogo, nimeufunga kwenye kanga. Utaukata ubao huo mbele yetu sote, mama mkwe wako akiwa ameushika upande wa pili.

Mwambie mama mwenzangu kwamba mafua yangu yamepona ghafla, na kwamba Jumamosi hiyo nitakuwa uani kwake na vikapu.

Mama yako