Sekunde Kumi na Tisa

Kwako dada yangu wa pekee,

Najua ukiiona bahasha hii utashtuka kwanza, maana siku hizi watu wanaandikiana barua kwa mambo mawili tu, msiba au kesi. Tulia. Hakuna aliyefariki, wala sijashtakiwa. U hali gani? Na shemeji, ule mgongo umemwachia? Na wapwa zangu hawajambo? Yule mdogo bado anang'ang'ania kulala na viatu? Mimi sijambo. Kikohozi kilichonishika wakati wa baridi kimekwenda zake, goti ndilo limebaki, nalo tumeshazoeana. Nyumba ipo. Paa la upande wa jikoni nililiziba mwenyewe, kwa hiyo linavuja pale pale, ila kidogo.

Kazini ni yale yale. Bado nasaga lenzi katika chumba cha nyuma cha duka la miwani. Mashine inalia kutwa, maji yanachuruzika juu ya jiwe la kusagia, na mwenye duka husema nami kupitia kidirisha anaponipitishia fremu. Siku moja nilimwambia kwamba nusu ya mtaa huu unaona kwa kazi ya mikono yangu na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona. Akanitazama, akaniuliza kama nimekula. Jioni narudi nyumbani, nafungua mlango kwa ufunguo wangu mwenyewe, halafu nabisha hodi. Ni mazoea ya enzi za mama, yamekataa kunitoka. Haitiki mtu, naingia, naweka sufuria jikoni.

Ule ugonjwa wangu wa kurekodi bado ninao. Wewe ndiye uliyeuita ugonjwa, siku uliyonikuta nimeshona vimfuko kwenye mabega ya koti ili maikrofoni zikae, moja kulia, moja kushoto. Tangu uondoke umezidi. Nimo katika kundi la watu arobaini hivi, tuliotapakaa nchi na nchi, na sijamwona hata mmoja uso kwa uso. Tunarekodi maonyesho ya muziki kwa ruhusa ya wanamuziki, tunabadilishana, na atakayethubutu kuuza anafukuzwa. Hakuna anayetumia jina lake. Kiongozi wetu ni Fundi Saa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Yupo pia Mama Kanda, mama mtu mzima mwenye ulimi mkali, ambaye ukimwambia kumekucha atataka kwanza kuchungulia dirishani. Mimi wananiita Bwana Kimya, kwa kuwa katika rekodi zangu humsikii mtu: hakuna kikohozi, hakuna kiti kinachoburutwa, hakuna anayeagiza soda. Jina hilo nilikuwa nalionea fahari sana.

Mwaka huu kundi letu limehama. Nikueleze, nawe univumilie kama zamani, yaani uendelee kufua huku ukiitikia mm. Muziki ulio kwenye simu yako umebanwa kwa kupunguzwa. Kompyuta imetupa vile inavyodhani sikio halitavikosa. Sisi hatutaki hivyo. Sisi tunabana kama mtu anavyokunja shati: ukilikunjua, kila kifungo kipo. Kwa miaka tulitumia aina moja ya faili yenye kukunja namna hiyo, lakini ilifunguka kwenye kompyuta tu, tena kwa programu ambayo mwenyewe aliyeitengeneza alishaitelekeza. Sasa imepatikana mpya. Nayo haipotezi kitu, inachukua nafasi ndogo zaidi, inafunguka hata kwenye simu ya kawaida, na ndani yake inabeba namba kama muhuri. Ukiigusa sauti hata chembe, namba inabadilika, na unajulikana.

Tulibishana miezi minne. Mama Kanda alisema wanaokimbilia vipya ni wale wale waliotupa kanda zao zamani, kisha wakaja kwake kuazima. Fundi Saa akamjibu kwa upole kwamba shati ni lile lile, ni sanduku tu limekuwa dogo. Mwishowe tukapiga kura. Tukakubaliana kila mtu ahamishe rekodi zake mwenyewe, na kila moja aisikilize kwa masikio yake toka mwanzo hadi mwisho, asiiachie mashine. Kisha aijazie karatasi ya historia: nani alirekodi, alikaa wapi, kwa maikrofoni gani, na kama kuna kilichokatwa. Kwetu kukata si kosa. Kosa ni kukata usiseme.

Nina maonyesho mia tatu na kumi na mawili. Nilianza na la kwanza kabisa, lile la uwanjani ambapo mvua ilikatiza kila kitu. Nisikufiche, dada, zile wiki nilikuwa na furaha. Kila siku nilikuta ujumbe: Bwana Kimya umefika wapi, Bwana Kimya hii nayo umeihamisha? Miaka mingi nilikuwa sijaulizwa nimefika wapi. Nilikuwa najibu huku natabasamu peke yangu kama mwehu, na chakula kinaungua.

Halafu Fundi Saa akaniandikia faraghani. Tuna desturi inayoitwa akiba. Mtu akisharekodi, kabla hajaisafisha sauti, anatuma nakala mbichi kwa Fundi Saa, naye anaifungia katika kabati la bati bila kuisikiliza, kusudi nyumba ya mtu ikiungua muziki usipotee. Katika kuhamisha akiba hizo amekuta onyesho langu moja lina urefu wa namna mbili. Ile iliyo kabatini kwake inaizidi ile niliyowapa watu kwa sekunde kumi na tisa. Akaniuliza, kwa adabu sana, ipi ndiyo ya kweli. Alisema hajasikiliza kilichomo katika hizo sekunde, kwani hilo ni langu. Nilisoma ujumbe ule mara mbili. Ile nakala mbichi niliituma asubuhi iliyofuata onyesho lenyewe, kwa mazoea tu, nikasahau kabisa kwamba iko duniani.

Kaa chini, dada. Kama umesimama, kaa.

Onyesho lenyewe ni la mzee mmoja mpiga saksafoni, katika ukumbi ulio nyuma ya stesheni, Jumamosi alasiri. Ndiyo siku pekee niliyokwenda na mama. Aliniomba mwenyewe. Alisema kila Jumamosi anabaki akitazama ukuta, naye anataka kujua huko ninakokwenda kuna nini cha kunifanya nisahau kununua mkate. Alivaa koti lake la kijivu, akaupakata mkoba hadi mwisho kana kwamba yuko ndani ya basi. Tulikaa safu ya nne, yeye kushoto kwangu, kwenye bega lenye maikrofoni. Yule mzee akaanza ule wimbo wa polepole, ule uliokuwa ukiuimba wewe ukifua. Mama akaniinamia, akasema maneno. Mimi nikamnyamazisha.

Nyumbani nikayakuta yale maneno upande wa kushoto, yanasikika kuliko saksafoni. Nikakasirika, nikasema mama ameniharibia rekodi bora ya mwaka mzima. Nikayakata, na kwa kuwa yule mzee alikuwa akirudia kipande kile kile, nikaunganisha pasionekane mshono. Lakini mtu hawezi kukata vizuri bila kusikiliza. Nilisikiliza labda mara ishirini, nikitafuta neno la kwanza linapoanzia na la mwisho linapokomea. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikusikia alichosema.

Wiki saba baadaye mama akafariki.

Ulipokuja kwa mazishi ulinishika mkono pale koridoni, penye zile ndoo za kukingia maji ya paa. Miaka saba ilikuwa imepita tangu siku uliyofunga sanduku kwenda kazi ya mbali na mama akakwambia ukitoka usirudi kumjulia hali. Miaka saba ulikuwa ukipiga simu, naye akiniachia mimi nizungumze. Ukaniuliza kama aliwahi kukutaja. Nikasema hapana. Ukauliza mara ya pili, taratibu, kama mtu anayemwuliza daktari. Nikasema hapana, hakusema kitu.

Niliona haya, hilo ni kweli. Ningekwambiaje kwamba alisema na nikayafuta ili watu nisiowajua waisifu rekodi yangu? Lakini si haya peke yake. Ulikuwa ni wivu, dada. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha miguu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkata kucha, kumsomea karatasi za dawa, kumgeuza kitandani akishikwa na maumivu ya ubavu. Na siku aliposikia kitu kizuri, aliyemjia moyoni alikuwa wewe. Nilikuwa kando yake, bega kwa bega, naye akakutamani wewe uliye mbali. Hilo liliniuma, nikakunyima neno lililokuwa lako. Miaka sita nimekaa nalo. Kila ukipiga simu na kusema laiti mama asingekufa na kinyongo, mimi nabadilisha mazungumzo, naulizia mgongo wa shemeji.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini sikudhani ingepimwa kwa sekunde. Nimemjibu Fundi Saa kwamba ndefu ndiyo ya kweli. Kwenye karatasi ya historia nimeandika kwa mkono wangu: imekatwa sauti ya mwanamke; aliyekata ni mrekodi mwenyewe, hakusema. Kundi limenisimamisha kubadilishana kwa mwaka mmoja, kama sheria yetu inavyotaka, na siwalaumu. Hakuna anayeniita Bwana Kimya tena. Wala hakuna anayeniita jina jingine, kusema kweli, maana ujumbe umekoma. Mama Kanda tu ndiye aliyeandika, mistari miwili: alisoma kwenye karatasi kwamba ni sauti ya mwanamke, akauliza kama ni mama yangu. Nikamwambia ndiye. Akasema basi nisikae nayo. Nimewaomba wasiisambaze hata kwa mmoja mpaka wewe useme, na Fundi Saa ameridhia.

Ndani ya bahasha kuna flashi ya kuchomeka kwenye simu, nimeifunga kwa kitambaa cha kufutia miwani. Ina faili moja tu, ya aina hiyo mpya. Ingekuwa ile ya zamani ingebidi nikutumie na kompyuta. Hii ichomeke kwenye simu yako, itafunguka. Ukiweza, sikiliza kwa visikizi vya masikioni, na hakikisha cha kushoto kimekaa vizuri. Nenda dakika ya nne. Nayanakili hapa maneno yake kama yalivyo, ili kama simu itakataa, yasikukose mara ya pili.

Anasema: "Hii si ile ya dada yako, akiwa anafua? Mwambie aje nyumbani. Mimi nilisema kwa hasira tu, sina kinyongo naye. Nashindwa kumpigia, naona haya. Mwambie wewe."

Hapo utasikia mwanaume anamkatiza: "Mama, nyamaza, unaniharibia." Huyo ni mimi. Kisha mama anajibu: "Haya, baba. Nimenyamaza."

Kipande hicho cha mwisho nacho kimo. Ningeweza kukiacha nje, nikakupa maneno yake tu, yakakufikia safi. Mkono ulikwenda kufanya hivyo, nikauzuia. Toka hapo mama hasemi neno tena mpaka onyesho linakwisha, dakika sabini. Lakini ukitega sikio upande wa kushoto, pale saksafoni inapokata pumzi, utamsikia anapumua. Yumo hadi mwisho. Miaka yote nimekuwa nikijisifu kwamba rekodi zangu hazina mtu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukikasirika, kasirika, una haki, na ukikaa mwaka usinipigie simu nitajua sababu. Nilichotaka ni kuufikisha ujumbe wake. Alinituma mimi, na sikufika.

Nisalimie shemeji, mwambie mgongo asiuendekeze. Wasalimie wapwa zangu, kila mmoja kwa jina lake, na yule wa viatu mwambie mjomba anamuunga mkono. Jirani wa ghorofani anakusalimu, bado ananyoosha nguo za watu na bado anaimba vibaya. Ufunguo wa ziada uko pale pale ulipoujua, chini ya chungu cha maua kilichovunjika mdomo. Siku yoyote utakayoona moyo wako unakubali kuja, usinipe taarifa wala usiningojee mlangoni. Ingia tu, ukae. Mimi hutoka kazini saa kumi na moja, na nikifika nitabisha hodi kama kawaida.

Ni mimi mdogo wako,
msaga lenzi