Tairi Lililovimba Laela

Dada Yustina, shikamoo. Nimefika Sumbawanga salama na baridi yake, ila moyo umebaki Laela.

Tulisimama pale kujaza upepo. Fundi wa pancha, mzee mmoja mpole, akapapasa tairi la mbele akakuta limevimba ubavuni. "Hili litapasuka," akasema.

Dereva wetu akacheka. "Litatufikisha tu, mzee."

"Hata mimi nilimwambia mke wangu hivyo. Likapasuka kwenye mteremko, nikarudi nyumbani peke yangu."

Dereva akashuka kutoa tairi la akiba. Mzee alikaza nati huku machozi yakimdondokea mikononi.

Dada, mwambie shemeji akague matairi kabla hajakupakia. Nataka tuzeeke wote.

Mdogo wako,
Leokadia